Magunia kwenye Dirisha la Susu

Ta! Ta-ta! Ta! Katunge aliyasikia mabati yakilia kwa jua kabla hajaiona nyumba. Alimhimiza punda aliyebeba mitungi ya maji, akapanda kilima akitokwa na jasho. Mwala nzima ilikuwa imekauka. Hata mbuzi walikuwa wamejibanza kwenye kivuli cha ukuta.

Chumbani alimkuta nyanya yake, Susu, akifunga nguo zake ndani ya leso.

"Narudi ng'ambo ya mto, kwa nyumba yangu ya nyasi," Susu alisema. "Hapa mmeniweka kwenye tanuri."

Katunge aliushika ule mzigo. Ni kule ng'ambo Susu alikoanguka akiwa peke yake, akalala sakafuni hadi jirani alipopita. Akirudi, nani atamwinua?

"Susu, ningoje mpaka kesho jioni. Nitakipoza hiki chumba."

Kaka yake Musili aliangua kicheko. "Wewe? Feni ya baba imeshindwa, wewe ndiye utaweza?"

Kweli feni ya sola ilikuwa imeshindwa. Ilizungusha hewa ya moto tu, kama mwiko unaokoroga uji jikoni. Mjomba Aloys alikuwa amependekeza kiyoyozi, lakini sola yao ndogo isingeweza hata kukiwasha.

Katunge hakurudi nyuma. Aliutazama mtungi wa udongo pembeni. Upepo ulipokausha unyevu wa nje, maji ya ndani yalipoa. Kama mtungi unaweza, dirisha litashindwaje? Alichovya magunia ya katani majini, akayatundika kwenye dirisha lililoelekea upepo. Kisha, ili baridi isitoroke, akafunga mlango na dirisha la nyuma kabisa.

Jioni baba yao, Mwanzia, alirudi kutoka sokoni, akayaona magunia dirishani. "Mama, kumepoa?"

"Kumepoa sana," Susu alijibu upesi, akimtazama mjukuu wake. "Huyu mtoto ana akili!"

Baba alitabasamu. Lakini Katunge aliona leso ya shingoni mwa Susu imelowa jasho chepechepe, na mzigo wa nguo bado uko kitandani, haujafunguliwa. Angenyamaza tu, sifa zingekuwa zake. Musili alikuwa mlangoni, anangoja.

"Baba, hakujapoa," Katunge alisema. "Susu ananihurumia. Chumba kimekuwa kama sufuria iliyofunikwa."

Susu alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe umeniona! Basi na mimi niseme ukweli. Kwangu kuna uwazi juu ya ukuta. Upepo ukiingia, unapata pa kutokea. Wewe umemkaribisha mgeni, halafu ukamfungia mlango. Afanye nini ila kukaa na kutoa jasho?"

Kesho yake, walipotoka kanisani, Katunge alifungua dirisha la nyuma wazi kabisa. Aliweka karai chini ya magunia ili maji yanayodondoka yatumike tena, maana maji ya Mwala si ya kumwaga ovyo. Musili mwenyewe alimpeleka punda mtoni bila kuambiwa.

Mchana mabati yakaanza tena: ta! ta-ta! Upepo ulipita kwenye magunia, ukaingia umepoa, ukalisukuma joto nje kwa nyuma. Susu alisinzia, na leso yake ilikuwa kavu.

"Musili, mbona leo hucheki?" Katunge aliuliza.

"Meno yanaogopa baridi," Musili alijibu, na wote wakacheka.

Baba aligusa magunia, akatikisa kichwa kwa furaha. "Mwanangu, jana ungezipokea zile sifa, leo mama angekuwa ng'ambo. Bidii yako ilianza kazi hii, lakini ukweli wako ndio ulioimaliza. Kosa likifichwa, halina wa kulirekebisha."

Susu aliamka, akauvuta mzigo wake, akaanza kulegeza fundo. Alisita. "Na haya magunia yakikauka?"

Katunge alimshika mkono. "Susu, nitayalowesha kila siku ya jua. Na siku yakishindwa, mimi mwenyewe nitakuambia, kabla hujafunga nguo. Nakuahidi."