Vyombo Viko kwa Anjelika

Asubuhi ile stendi ya Songea nusura ifanye mazishi. Remmy alishuka kwenye basi la Dar es Salaam akiwa amekumbatia sanduku jeusi, refu, jembamba upande mmoja na pana upande wa pili, lenye vishikio vya shaba. Wapiga debe wakanyamaza. Muuza karanga akavua kofia. Mama mmoja akaanza kulia papo hapo, bila kujua anamlilia nani.

Msichana mwenye sketi ya bluu ya marinda na blauzi nyeupe iliyopigwa pasi ikanyooka akamsogelea.

"Pole sana, kaka yangu. Alikuwa na umri gani?"

"Nani?"

"Marehemu."

Remmy akalitazama sanduku, kisha akamtazama msichana.

"Hajafa, dada. Ndiyo kwanza anafika kutoka Ujerumani."

Akapiga magoti vumbini na kulifungua. Ndani, juu ya kitambaa chekundu laini, lilikuwa limelala gitaa la besi la nyuzi tano. Mbao zake zilikuwa za rangi ya kahawia, na mistari ya mti ilionekana waziwazi chini ya vanishi. Shingo haikufungwa kwa skrubu kama magitaa ya watu wengine. Ulikuwa ubao mmoja tangu kichwani hadi mkiani. Polikarp, kaka yake Remmy aliyekuwa baharia, ndiye aliyelituma. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, na kila kitu kilikuwa kinaingia nchini, hata vitu ambavyo hakuna aliyeviomba.

"Kumbe gitaa!" msichana akasema. "Na mimi nimeshakupa pole yangu bure."

"Sirudishi. Nimeipokea, ni yangu."

Aliitwa Leticia. Alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya tumbaku Namtumbo, na kila mwisho wa mwezi alirudi kwao, Mfaranyaki, pale pale Songea. Kufikia mwisho wa mwezi uliofuata, Remmy alikuwa akilijua basi la Namtumbo kwa mlio wa honi.

Jumamosi moja alasiri alimpeleka ukumbini bendi yake ilipokuwa ikifanya mazoezi, akamvisha mkanda wa besi begani.

"Mbona jepesi? Nilidhani nitaanguka."

"Kilo nne tu, mpenzi. Lile la bendi lilikuwa kama mtarimbo. Tazama mabega yangu, moja liko chini."

"Nilidhani ni maringo."

"Gusa uzi. Usibonyeze, gusa tu."

Leticia akagusa. Sauti nzito, tulivu, ikapita sakafuni na kuingia kwenye nyayo zake. Akashtuka, akacheka.

"Limeniitikia!"

"Lile la zamani uzi ulikuwa juu, unaweza kupitisha kijiko chini yake. Hili ukilifikiria tu limeshalia."

"Remmy, unalisifia kuliko mimi."

"Wewe huna betri mgongoni kama hili, laazizi."

Leticia akampiga ngumi ya bega, lile lililoshuka. Kisha akauliza, bila kucheka, "Mshenga anakuja lini kwa baba?"

"Nikishalizoea hili. Kidole changu cha mwisho bado kinakosea uzi wa tano. Nipe mwezi mmoja."

Alipewa. Akaomba mwingine, akapewa. Kila jioni aliketi kitandani na besi mapajani, akilifundisha kidole chake cha mwisho kazi yake. Mshenga, mzee Romwaldi, aliyekwisha kuazima koti la kwendea, akalirudisha kwa mwenyewe.

Kisha bendi ikagombana na mwenye ukumbi. Siku ya Jumatano wanamuziki wakabeba spika, ngoma na magitaa hadi baa mpya ya mjane mmoja aitwaye Anjelika, mwanamke mwenye mwanya na kicheko cha kusikika mtaa wa pili. Remmy akakimbilia posta kupiga simu Namtumbo ili Leticia asije akamtafuta mahali asipokuwepo. Leticia alikuwa ametumwa benki. Simu ikapokewa na karani Hironimus, mtu mwaminifu, mwenye mwandiko mzuri, asiyecheza dansi.

"Haloo! Haloo! Sema kwa nguvu!"

"Mwambie Leticia vyombo nimeshahamishia kwa Anjelika!"

"Nini kwa Anjelika?"

"Vyombo! Akitaka kuniona, aje huko huko!"

"Vyombo vyote?"

"Vyote!"

Mpiga muziki akisema vyombo, anamaanisha spika na magitaa. Karani wa tumbaku akisikia vyombo, anaona sufuria, sahani na ndoo. Naye mwanamume aliyehamishia sufuria zake kwa mjane hahitaji kuulizwa swali la pili. Hironimus akaandika kwa herufi safi, akapigia mstari neno "vyote", akaiweka ile karatasi juu ya mashine ya chapa. Kisha, kwa huruma, akaenda kumnunulia Leticia soda.

Leticia hakurudi Songea mwezi ule, wala uliofuata. Remmy aliandika barua mbili, hazikujibiwa. Alipopiga simu, Hironimus alimjibu kwa baridi kwamba dada ana kazi. Kwenda Namtumbo ilikuwa safari ya nusu siku, lakini kwa Anjelika kulikuwa kunajaa kila wikiendi, na watu walikuwa wakija hata kutoka Madaba kulitazama besi la nyuzi tano. Akajisemea kwamba atakwenda wiki ijayo. Akajisemea hivyo wiki tisa.

Jumapili ya kumi, kanisani, padre alisoma matangazo ya ndoa. "Osmund wa Lusewa na Leticia wa Mfaranyaki. Mwenye kujua kizuizi chochote atoe taarifa."

Baada ya misa Remmy alikuwa mlangoni kwa padre.

"Shikamoo, Padre. Nimeleta kizuizi."

"Marahaba. Kizuizi gani?"

"Vyombo, Padre." Akaeleza yote, maana nje ya kanisa alikuwa amesimuliwa habari ya ile karatasi, ambayo mke wa Hironimus alikwisha kuisambaza hadi sokoni.

Padre akavua miwani, akaifuta muda mrefu.

"Ndugu yake ni wewe?"

"Hapana."

"Ulimchumbia kwa wazazi?"

"Nilikuwa karibu."

"Mwanangu, kukaribia si kizuizi."

Remmy alimkuta Leticia uani kwao, akichambua mchele, nywele zimesukwa upya. Akamweleza. Leticia alicheka hadi ungo ukamponyoka, halafu akaanza kulia, na mchele ukawa umetapakaa miguuni mwao wote wawili.

"Sufuria," alisema. "Nililala bila kula kwa ajili ya spika."

"Basi tuivunje harusi. Nitamwona baba yako leo. Besi nitaliuza."

"Usiliuze. Ukiliuza utanichukia mimi." Akajifuta kwa ncha ya khanga. "Mimi kosa langu sikuuliza. Lako hukuja. Osmund hajui kupiga hata mluzi, Remmy, lakini kila Jumapili alikuwa anatoka Lusewa kwa pikipiki kuja Namtumbo, mvua ikinyesha."

"Unampenda?"

"Nitampenda. Ameshanipa nafasi ya kujifunza." Akainama, akaanza kuokota mchele. "Kitu kingine hujakisikia. Baba amekodi bendi yenu."

Remmy akachutama, akaanza kuokota naye.

"Utapiga?"

"Ukitaka nisipige..."

"Piga. Lakini usikosee. Ukikosea nitageuka kukutazama, na mimi siku hiyo sitaki kugeuka."

Siku ya harusi Leticia alivaa gauni jeupe la mikono mirefu, Osmund suti ya kijivu iliyombana kwapani. Walicheza taratibu, Leticia mgongo wake ukilielekea jukwaa. Remmy alisimama nyuma ya mwimbaji, amefumba macho. Wimbo wa kwanza ulipita, wa pili, wa kumi. Wazee walisema hawajawahi kusikia besi likipigwa hivyo Songea nzima. Hadi bibi na bwana harusi wanapanda gari, hakukosea uzi hata mmoja.