Macho ya Bibi Msituni

Kila jioni, kabla hata ya kuvua sare ya shule, Chiriku alikaa kwenye kizingiti cha jikoni na kumpa Bibi habari za msitu. Jina lake halisi liliitwa darasani tu. Kwingineko kote alikuwa Chiriku, kwa sababu alianza kusema akinawa uso asubuhi na hakunyamaza mpaka usingizi umchukue. Bibi hakuchoka kumsikiliza. Msitu wake ulikuwa juu ya kilima nyuma ya nyumba, na magoti yake yalikuwa yamekataa kabisa kupanda.

"Haya, macho yangu," Bibi alisema, ungo wa maharage ukiwa mapajani. "Leo umeona nini?"

"Machipukizi ya kile kisiki kikubwa yamenifika kiunoni, Bibi. Yale ya kando ya njia bado yanajivuta. Nyuki wameingia kwenye ule mzinga mtupu. Halafu nimemwona nyani."

"Nyani tena?"

"Labda alikuwa mbwa wa jirani. Lakini alikuwa amekaa kama nyani."

Bibi alicheka mpaka maharage yakaruka kwenye ungo. Ila habari aliyoisubiri kwa hamu ilikuwa ile ya kwanza, ya machipukizi, na ilikuwa na sababu yake.

Msitu ule aliachiwa na Babu. Kwa miaka mingi, kila kuni zilipohitajika, mti wowote uliokuwa karibu ulikatwa, na kilima kikaanza kuota upara. Kisha paa la nyumba likaanza kuvuja. Mfanyabiashara wa mkaa akaja, akataka kuununua msitu wote na kuufyeka mara moja. Bibi alikuwa karibu kukubali ndipo alipofika afisa misitu, binti mwenye pikipiki na buti zilizojaa matope, ambaye watoto walimwita Dada Misitu.

"Umekuja kuninyang'anya msitu wangu?" Bibi alimuuliza siku ile, hata kabla ya kumkaribisha kiti.

"Hapana, Bibi. Msitu ni wako. Nimekuja kukusaidia uvune bila kuumaliza."

Dada Misitu aliugawa msitu vipande. Kingekatwa kipande kimoja tu, huku vingine vikisubiri zamu, na hata katika hicho kimoja miti mikubwa yenye mbegu ingeachwa. Alisimama na wakataji, akawaonyesha jinsi ya kukata karibu na ardhi na kwa mshazari, ili maji ya mvua yateremke yasiozeshe kisiki. Fedha za kuni za kipande kile zikatengeneza nusu ya paa. Nusu nyingine bado ilikuwa na beseni chini yake.

"Visiki hivi viko hai," Dada Misitu alisema. "Vitachipua. Muhimu mbuzi wasiingie mpaka machipukizi yawe marefu kuliko midomo yao inavyofika."

"Tutaona," Bibi alijibu. "Vikichipua, nitaufuata ushauri wako kwa msitu wote. Vikifa, namwita mtu wa mkaa."

Kwa hiyo kipande kile kilizungushiwa uzio wa matawi ya miiba, na Chiriku, ambaye ndiye aliyechunga mbuzi baada ya shule, akaambiwa awapitishe njia ndefu ya kuzunguka. Alifanya hivyo vizuri sana, mpaka siku ya mashindano ya kuruka kamba.

Wenzake walikuwa wanamsubiri kijitoni, na sauti zao zilisikika kutoka juu kilimani. Njia ndefu siku hiyo ilionekana ndefu kuliko kawaida. Chiriku alitazama kushoto, akatazama kulia, akavuta tawi lililofunga lango la uzio na kuwakatisha mbuzi katikati ya visiki haraka haraka. Walipotokea kwenye mwanya wa upande wa pili hakugeuka kulirudisha tawi. Alijiambia atalirudisha wakati wa kurudi.

Aliruka kamba mpaka jasho likamwingia machoni, na akashinda. Alipokumbuka mbuzi, hawakuwapo. Alipanda mbio na kuwakuta ndani ya kipande, wametulia kama wageni waliokaribishwa. Beberu wao, aliyeitwa Ndevu, alikuwa amesimama kwa miguu ya nyuma kwenye kile kisiki kikubwa, akimalizia jani la mwisho. Machipukizi yote yalikuwa yamebaki vijiti.

Jioni Bibi aliuliza kama kawaida. Chiriku alitazama vidole vya miguu yake.

"Ni vilevile tu, Bibi."

"Na nyani?"

"Sijamwona."

Siku zilizofuata majibu yalizidi kuwa mafupi. Bibi alimpima joto kwa kiganja, akamchemshia maji ya tangawizi, akamwambia shule isimchoshe. Wema ule ulimuumiza Chiriku kuliko fimbo. Kisha jioni moja Bibi akamwambia kwa furaha, "Dada Misitu anakuja wiki hii kuona machipukizi yetu."

Akili ya Chiriku ilitafuta pa kutokea, ikapata. Kulikuwa na jua kali siku zile, na kiangazi hakina mtu wa kukigombeza.

"Bibi," alisema, "machipukizi yamekauka. Nilikuwa naogopa kukuambia. Visiki vimekufa."

Bibi aliacha kuchambua maharage. Akamvuta Chiriku karibu na kumpapasa kichwa.

"Kumbe ndilo lililokunyamazisha, mjukuu wangu. Si kosa lako. Yule binti alikosea tu, bado ni mdogo kazini."

Alimpigia simu Dada Misitu, akamwambia asijisumbue kuja. Kisha akapiga simu nyingine, akimwita mtu wa mkaa. Alipomaliza alikaa akiitazama ile simu mkononi, na Chiriku akaona macho yake yana machozi.

Mtu wa mkaa alifika Jumamosi asubuhi. Alikuwa mtu mchangamfu, mwenye tumbo na panga.

"Mpeleke akaone msitu, Chiriku," Bibi alisema. "Mimi siwezi kupanda, na wewe ndiye macho yangu."

Walipanda. Mtu wa mkaa aligonga kila mti kwa mgongo wa panga, akisema, "Huu. Na huu." Aligonga mti wenye mzinga. Aligonga ule mkubwa ambao Babu alizoea kuegemea akipumzika, na ambao Dada Misitu alikataza usiguswe kwa ajili ya mbegu zake. "Huu nao," alisema, "ni magunia mengi."

Walipofika kwenye kipande cha visiki, yule mtu alisukuma kile kikubwa kwa mguu. "Hivi nitaving'oa na mizizi yake. Si vimeshakufa?"

Chiriku aliinama kukitazama. Hakuwa amekitazama tangu siku ile ya mbuzi, kwa aibu. Pembeni, kwenye gamba, palikuwa na vichomozo vya kijani, vidogo kama punje za mtama. Kisiki kilikuwa kinajaribu tena.

"Havijafa," alisema.

"Unasemaje?"

"Havijafa. Mimi ndiye niliyesema uongo."

Hakungoja swali la pili. Aliteremka kilima akijikwaa, akamkuta Bibi ameketi uani, akapiga magoti mbele yake na kulia. Alisema yote kwa mfululizo: kamba, tawi la lango, Ndevu, kiangazi. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

Mtu wa mkaa alifika nyuma yao akihema. Bibi akamgeukia.

"Baba, nimekuita bure. Naomba unisamehe. Msitu hauuzwi."

Yule mtu alijifuta jasho, akamtazama mtoto aliyekuwa akilia, akatikisa kichwa. "Basi mimi nilikuja kufanya mazoezi ya kupanda mlima. Ila siku mkikata kipande kingine, mnikumbuke."

Alipoondoka, Bibi alimpa Chiriku simu. "Mpigie Dada Misitu. Umwambie wewe mwenyewe."

Dada Misitu alikuja kesho yake. Chiriku alidhani Bibi atabaki nyumbani kama kawaida, lakini alimkuta mlangoni na fimbo mkononi.

"Leo nipe bega lako," Bibi alisema. "Nataka kwenda."

Walipanda polepole mno, wakipumzika kila penye jiwe, Chiriku akiwa upande mmoja na Dada Misitu upande wa pili. Juu, Dada Misitu alikagua kisiki kimoja baada ya kingine, akikwangua gamba kwa ukucha.

"Mizizi bado ina nguvu," alisema. "Tumepoteza muda, hatujapoteza msitu. Lakini mbuzi wakirudi tena na tena, visiki vitachoka na vitakufa kweli."

"Hawatarudi," Chiriku alisema kwa sauti ndogo. "Nitajenga uzio upya. Kila siku baada ya shule, mpaka uishe."

Bibi alikuwa amekaa chini, karibu na kile kisiki kikubwa, akivipapasa vile vichomozo kwa ncha ya kidole. Alimwita Chiriku akae naye.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Mbuzi walikula majani, na majani haya hapa yanarudi. Kusahau lango ni kosa la mtoto, ningekugombeza tukamaliza. Lakini ule uongo ulitaka kuniuzisha miti yote na mizizi yake, na juu ya hapo nimchukie binti wa watu ambaye hakukosea lolote. Mimi nikiwa kule nyumbani siwezi kuona. Naona kwa kinywa chako. Kosa ukilileta mapema, tunalitengeneza pamoja. Ukilificha, mimi naamua gizani. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Bibi. Nisamehe. Na wewe, Dada, nisamehe."

Dada Misitu alimpiga kofi dogo begani. "Kesho nitakuja na glavu. Miiba ile haina huruma."

Wiki ile hakukuwa na kuruka kamba. Chiriku aliburuta matawi ya miiba mpaka mikono ikawasha, na wale wenzake wa kijitoni, baada ya kumcheka kidogo, wakaja kumsaidia. Lango jipya lilifungwa kwa kamba yake mwenyewe ya kurukia. Ndevu alilinusa, akapiga chafya, akafuata njia ndefu.

Lakini jioni Chiriku alipita kando ya jikoni bila kukaa kizingitini. Aliona hana tena haki ya kukaa pale.

"We mtoto," Bibi aliita, ungo ukiwa mapajani. "Nasubiri habari."

"Bado utaniuliza mimi, Bibi?"

"Kwani nina macho mengine?"

Chiriku alirudi, akakaa. Alifikiri vizuri, asije akaongeza hata kidogo.

"Machipukizi yamenifika kwenye kucha ya mguu," alisema. "Tena ile ndogo."

"Kucha inatosha," alisema Bibi, na kumsogezea ungo wachambue pamoja.