Turubai la Rangi ya Chungwa

— Uso fanta, mikono koka! Mwanangu Zaidi, huyu ndiye unataka tukampose Ijumaa?

Maryamu, mke wa mwanangu, aliibwaga simu mkekani. Sisi wa Kabuku hatukuwahi kumwona Hafsa wa Korogwe. Ndiyo kwanza mjukuu wangu Zaidi anatuonyesha picha aliyompiga kwenye maulidi. Kamera yenyewe ana mwezi nayo.

— Mama, taratibu.

— Taratibu nini? Mdogo wangu aliungua uso kwa mkorogo, nikamuuguza mimi! Humu ndani mkorogo hauingii. Posa hakuna!

Simu ikalia. Hafsa. Zaidi akapokea kwa spika.

— Mama anasema unajichubua.

— Eti nini? Na wewe unasemaje?

Zaidi akamtazama mama yake.

— Zaidi, nakuuliza wewe.

— Mi sijui... kamera ndiyo imeona hivyo.

Nilishtuka mpaka kisamvu kikanimwagikia mguuni. Hafsa alikata. Ujumbe ukaingia: "Jumapili ulinishika mkono, ukanitazama usoni. Leo unaiuliza kamera? Ijumaa msije."

Zaidi akakaa chini kama gunia.

— Lete hiyo picha, mume wangu, nikamwambia Zaidi. Huyu nyuma yake nani?

— Baba yake, mzee Ramadhani.

— Kitendawili!

— Bibi, sasa hivi kweli?

— Sema tega!

— Haya, tega.

— Sandukuni nyeupe, kwenye simu chungwa.

Akatazama. Akatazama tena. Macho yakamtoka.

— Kanzu! Kanzu ya mzee!

— Nayo inajipaka mkorogo?

— Yallah! Ni turubai la pale maulidini, bibi! Jua lilipita kwenye turubai la rangi ya chungwa, likatupaka wote. Ilibidi niionyeshe kamera kipi ni cheupe, sikuionyesha. Halafu nikaongeza mwanga kupita kiasi. Uso ulikuwa upande wa jua, ukapauka. Mikono ilikuwa kivulini, ikabaki na weusi wake.

Maryamu akashika mdomo.

— Nimemtukana mtoto wa watu!

Asubuhi tukapanda basi la Korogwe, watatu. Hafsa alitufungulia mlango. Mweusi wa kung'aa, uso na mikono rangi moja.

— Shikamoo bibi. Shikamoo mama.

— Marahaba. Mwanangu, nisamehe, Maryamu akasema, machozi yanamtoka.

— Wewe hukuwahi kuniona, mama. Yamekwisha. Ila huyu?

Zaidi hakuinua uso.

— Macho yangu yalikuwa yanajua, Hafsa. Nilimwogopa mama, nikajificha nyuma ya kamera.

— Na kesho ukimwogopa mwingine?

— Nitasema nilichokiona. Hata mbele ya mama. Huyu hapa, anasikia.

Hafsa alimwangalia muda mrefu, mpaka mimi nikachoka kusimama.

— Ijumaa njooni. Lakini siku ya ndoa kamera ashike mtu mwingine. Wewe unitazame mimi.

Nilipiga kigelegele, mzee Ramadhani akatoka mbio uani na povu la sabuni kichwani, akiuliza kama ndoa imeshafungwa bila yeye.