Jina la Kesho

Jumatatu ile nilitumwa kazi ndogo tu: kurekebisha mashine ya sauti kabla ya matangazo ya vifo ya jioni.

Naitwa Shahida bint Makungu, fundi wa redio. Kituo chetu kiko ghorofa ya juu ya nyumba kongwe, mtaa wa Kiponda. Meneja wetu, Ayoub, alikuwa amenunua mashine mpya ya kusawazisha sauti. Mtangazaji akinong'ona, inampandisha. Akipaza, inamshusha. Tatizo ni pale anaponyamaza. Mashine haijui maana ya kimya. Inadhani sauti imekuwa ndogo, basi inapandisha, inapandisha, inatafuta... mpaka feni ya dari na mlango wa jirani vinasikika hewani.

"Wasikilizaji wanalalamika," Ayoub alinambia. "Bi Mwanakheir akivuta pumzi tu, wanasikia upepo. Hebu itie adabu."

Bi Mwanakheir alikuwa msomaji wa tanzia kwa miaka zaidi ya thelathini. Nilimkuta studio, miwani puani, karatasi mkononi.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Usinicheleweshe, mwanangu. Maiti hawasubiri."

Nikakaa upande wa pili wa kioo, nikavaa hedifoni. Alisoma jina la kwanza, akanyamaza. Taa za mashine zikaanza kupanda. Upepo. Feni...

Halafu mtu akavuta pumzi.

Hakuwa Bi Mwanakheir. Midomo yake ilikuwa imefumba.

"Hamid bin Matar," sauti ikanong'ona.

Bi Mwanakheir akadakia jina la pili mbio mbio. Mashine ikashuka, na ile sauti ikazama chini ya sauti yake. Ndipo harufu ikanifikia. Karafuu maiti. Kali, kama chumba kinachooshewa maiti.

Alipotoka nikamfuata. "Bi, Hamid bin Matar ni nani? Hayumo kwenye karatasi yako."

"Ni upepo," alisema. Hakunitazama usoni.

Kesho yake karatasi ya tanzia ililetwa saa kumi na moja. Jina la kwanza lilikuwa Hamid bin Matar. Alikuwa amefariki asubuhi hiyo.

Ile mashine ina kizingiti. Sauti iliyo chini yake huachwa ilipo, haipandishwi. Nikakipandisha mpaka mwisho. Kwa elimu yangu yote, mnong'ono usingepita tena. Nikasoma na Ayatul Kursiy juu yake.

Jioni ile Bi Mwanakheir alisoma bila kupumua. Majina matatu, manne... Halafu kikohozi kikamkaba. Akageuza uso pembeni, akaziba mdomo kwa ncha ya ukaya wake wa kichwani.

Taa zikapanda.

Zikapita kizingiti kana kwamba hakipo.

"...bint Makungu."

Jina lenyewe lilikuwa limezama ndani ya kikohozi. Nilisikia la baba peke yake. La baba yangu. Nikasimama, nikagonga kioo, nikampungia mikono: nyamaza! Nyamaza kidogo tu, mashine iipandishe tena ile sauti, nijue kamtaja nani! Bi Mwanakheir akanitazama. Machozi yalikuwa yanamtiririka. Akatikisa kichwa, akasoma mpaka mwisho.

Baba yetu, Mungu amrehemu, alituacha mabinti wawili. Mimi, na mdogo wangu Wanu, anayelima mwani Jambiani.

"Nambie kweli, Bi," nilisema nikiwa nimemshika mkono. "Yule ni nani?"

Alikaa chini. Alinong'ona.

"Mwaka wangu wa kwanza hapa, mwanamke alileta karatasi ya tanzia. Kajifunika gubigubi, ananuka karafuu maiti. Nikaisoma. Jioni ile ile, niliyemtangaza akaja hapa kwa miguu yake, mzima, anacheka, ananiuliza nani kamuua. Adhana ya Isha haijaadhiniwa, kashakufa."

"Na yule mwanamke?"

"Sikumwona tena. Mchawi, au katumwa na mchawi, sijui. Lakini tokea hapo namsikia humu masikioni. Ananisomea majina ya kesho. Mashine yenu imempa sauti tu."

"Tufanye nini?"

"Nshafanya yote, mwanangu. Nimesomewa, nimefukiza. Mara moja nilimpigia mtu simu nimwonye. Alianguka simu ikiwa sikioni."

Nilikuwa nshaitoa simu yangu. Nikairudisha mkobani.

Nilikodi gari mpaka Jambiani. Sikumwambia Wanu kitu, nilisema nimemkumbuka. Alinicheka, akanipikia samaki. Alipolala nilikaa kitandani kwake, mkono wangu kifuani kwake, nahesabu pumzi. Zake, na zangu. Alfajiri ilipoingia aliamka, akaniuliza kama nataka chai.

Tulikuwa hai wote wawili. Nililia mpaka akaogopa.

Jioni nilirudi kazini nikiwa mwepesi. Bi Mwanakheir alinipokea mlangoni na karatasi. Akanionesha mstari kwa kidole.

*Bi Sichana wa Mkokotoni anasikitika kutangaza kifo cha mwanawe, Mwanapili bint Makungu, kilichotokea leo alfajiri. Habari ziwafikie nduguze, Shahida na Wanu, popote walipo.*

Niliisoma mara tatu. Baba alikuwa dereva wa lori la mchanga. Wiki nzima alikuwa huko huko kaskazini. Hatukuwahi kumuuliza alikuwa analala wapi.

Siku ya pili yake nilikwenda Mkokotoni, msibani. Bi Sichana alinitambua kabla sijajitaja. Alinishika mashavu, akaniketisha mkekani. Ukutani palikuwa na picha ya msichana wa miaka kama ishirini. Pua ya baba. Paji la uso la Wanu.

"Kila jioni alikuwa anafungua redio," Bi Sichana aliniambia. "Baba yenu alimwambia dada yake ni fundi huko. Alikuwa anasema, hii sauti Shahida ndiye anayeitengeneza. Alikuwa anaona haya kukutafuta."

Nikaitazama tena ile picha.

"Juzi alisema redio imemtaja jina. Sisi hatukusikia kitu, tukamcheka. Hakubishana. Akaoga, akavaa kanga mpya, akalala karibu yangu kama mtoto." Akanigeukia. "Na wewe, ulisikia?"

"Sikusikia," nilisema.

Watoto walikuwa wanacheza uani. Mtu alileta sinia la wali, akaliweka mbele yangu.

"Alisema wametajwa wawili," Bi Sichana alinong'ona. "Mmoja wa jana, mwingine wa leo."

"Wa pili nani, mama?"

Alinishika tena mashavu. Macho yalimjaa machozi. Halafu akakusanya tonge la wali kwa vidole vyake, akaniletea mdomoni, kama analisha mtoto.

"Kula, mwanangu," alisema. "Kula."