Saa Iliyonyamazishwa

Saa ya lile gari la mtumba alilonunua karibuni haikufa kwa uzee. Kinyozi aligundua hilo asubuhi ya siku yake ya mapumziko, alipoichomoa kwenye dashibodi, akaifungua juu ya meza ya jikoni na kuumulika ubao wake mdogo kwa tochi ya simu. Alitarajia kukuta lehemu iliyopasuka, kama ilivyo kwa magari ya mitumba yaliyochoshwa na mashimo ya barabarani. Alichokuta ni viungo vilivyokatwa kwa wembe, kimoja baada ya kingine, mkato safi wa mtu asiye na haraka. Juu ya kila mkato palidondoshewa nta nyeusi.

"Njoo uone," alimwita mkewe.

Mkewe, mwalimu wa shule ya msingi, aliinama na kikombe chake cha chai. "Aliyefanya hivi hakutaka saa itembee."

"Au hakuwa na kazi ya kufanya."

"Kama wewe. Breki zinalia mtaa mzima unasikia, wewe umeng'ang'ania saa."

"Mwache," alisema mama yake Kinyozi, aliyekuwa akichambua mchele pale mlangoni. "Ana mikono ya marehemu baba yake. Kitu kibovu hakimpi usingizi."

Kinyozi alikwangua nta kwa sindano, akakipasha moto chuma chake cha lehemu, akaanza kuunga. Moshi wa lehemu aliujua tangu utotoni. Huu ulinuka nywele zilizoungua, na harufu ya nywele ni kitu ambacho kinyozi hawezi kukosea. Alipogusa kiungo cha mwisho, tarakimu za kijani ziliwaka, na betri alikuwa bado hajaiunganisha. Alijiambia kwamba labda kuna umeme kidogo uliosalia ndani. Akairudisha saa kwenye gari, na siku nzima akatembea kifua mbele.

Kesho yake mkewe alikuwa peke yake garini, akimsubiri nje ya duka, ndipo sauti ya mama mkwe wake ilipotoka kiti cha nyuma, ya upole, kama ya mtu anayeongea na nafsi yake.

"Miaka yote hii tumbo halijabeba kitu. Mwanangu hakuoa, anafuga."

Mwalimu aligeuka. Kiti kilikuwa kitupu, na gari zima lilikuwa likinuka nywele zilizoungua.

Alipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja chumbani kwa mama mkwe. "Mama, nimekukosea nini?"

"Umenikosea? Kwa lipi?"

Alimweleza alichosikia. Mama yule aliketi kitandani, akashika kidevu. "Mwanangu," alisema taratibu, "maneno hayo sijawahi kuyatamka."

Baada ya hapo sauti zilitoka garini zikaingia ndani. Kinyozi akioga, alimsikia mkewe nyuma ya mlango akinong'ona kwamba amechoka kulala na mtu anayenuka vichwa vya watu, lakini Kinyozi akifungua mlango, alimkuta mkewe yuko uani anaanika nguo, na akimuuliza, naye huuliza kwa ukali, "Na wewe ulivyoniita mzigo asubuhi?", na kumbe asubuhi Kinyozi hakufungua kinywa, hivyo wanagombana kwa maneno ambayo hakuna aliyeyasema mpaka wanafika kwenye maneno wanayoyasema kweli, huku mama akiwa amejifungia chumbani mwake, ameziba masikio kwa khanga, kwa sababu yeye naye alikuwa akisikia ukutani sauti ya mkwewe ikimhesabia vijiko vya chakula, kwa utulivu, kama inayofundisha darasa. Chakula kikawa hakiliwi pamoja tena. Kila mmoja alianza kufunga mlango wake kwa ufunguo, na ile harufu ikaingia hadi kwenye mito.

Kilichomfungua macho Kinyozi kilitokea kazini, mchana kweupe. Gari lilikuwa mbele ya kibanda chake, dirisha wazi. Kwenye kiti alikaa mteja wake wa siku nyingi, dereva wa lori, kichwa nyuma, shingo imejaa povu, anasimulia mambo ya safari. Wembe ulikuwa chini ya taya pale sauti ya mkewe Kinyozi ilipotoka garini, laini, yenye kicheko ndani yake.

"Ninayemtamani ni huyo. Ni huyo uliyemshika shingo."

Mkono ambao haukuwahi kutetemeka ulianza kukaza. Kinyozi hakukumbuka kuamua lolote. Aliona povu likigeuka jekundu, akamsikia yule dereva akisema kwa sauti ndogo sana, bila kusogea, "Fundi, unanikata. Fundi, nina watoto," na ile sauti ya garini ikasema, "Kidogo tu tena," na ni pale alipogundua kwamba mkono wake ulikuwa ukiitii ndipo akautupa wembe mtaroni, akaanguka magoti, akamkandamizia yule mtu taulo huku akimwomba msamaha kama anayemlilia maiti.

Mkato haukuwa na kina. Dereva aliondoka na taulo shingoni, bila kugeuka.

Kinyozi, mikono ikiwa bado na damu, alimpigia simu aliyemuuzia gari. Hakumaliza hata maelezo.

"Saa," alisema yule mtu. "Umeiwasha?"

"Niliitengeneza."

Kisha akapewa namba ya mganga.

Mganga alikuja jioni ile ile kwa bodaboda, mtu mnene, mwenye hasira, viatu vimejaa vumbi. Aliitazama saa pale dashibodini kama mtu anayemtazama mdeni wake wa zamani.

"Hiyo nta niliiweka mimi," alisema. "Lakini kuna watu wakiona kitu kimetulia, mikono inawawasha. Ichomoe. Uliunga kwa mkono wako, utakata kwa mkono wako. Na wote wa nyumba hii mkae hapo mezani. Jini lililomo litasema. Msilijibu."

Waliketi. Saa ilikuwa mezani, haina waya, haina betri, na bado tarakimu ziliwaka. Kinyozi alikata kiungo cha kwanza kwa wembe mwingine, na sauti ya mama yake ikamwambia mkewe neno la aibu. Mwalimu aliuma mdomo. Alikata kingine, sauti ya mkewe ikamjibu mama. Harufu ilizidi, macho yakawatoka machozi. Wembe ulipofika kiungo cha mwisho, sauti zile mbili zilikoma, na kikawa kimya ambacho kila mmoja alidhani ndio mwisho, mpaka Kinyozi aliposikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye ule ubao, sauti ya mwana aliyechoka, isiyo na ukali wowote, ikisema, "Huyu mama atakufa lini? Chumba kile kingetufaa. Kila nikisikia anakohoa, natega sikio, nasubiri kama safari hii atanyamaza."

Akakata.

Taa ya kijani ilizimika. Harufu ikatoka nyumbani kwa mkupuo mmoja, mpaka mapazia yakapepea. Mganga alidondosha nta, akaifunga saa kwenye kitambaa, akaitia mfukoni.

Kinyozi alimsindikiza hadi getini. "Yale maneno," aliuliza kwa sauti ya chini. "Jini linayatoa wapi?"

"Jini hili halijui kutunga," alisema mganga, akipanda bodaboda. "Linaokota tu yaliyomo ndani ya watu."

Aliporudi alimkuta mama yake chumbani, amefungua begi, anakunja nguo. Mkewe alikuwa amesimama ukutani, hajui ashike nini.

"Nakwenda kwa dada yako," alisema mama.

"Mama, lile lilikuwa jini."

"Najua lilikuwa jini. Nimelisikia likinisingizia na mimi." Aliacha kukunja, akamtazama. "Sikuombi kingine, mwanangu. Niambie tu kwamba lilikuwa linasema uongo."

Kinyozi alifungua mdomo. Mama yake alimsubiri, kwa subira yote ya mzazi, kisha akainama akafunga zipu ya begi.