Joho la Hnina

Tulieni, enyi kusanyiko la sinagogi. Mwenye mtoto amlaze begani, anayenong'ona na jirani alimeze neno lake, na ninyi akina mama wa roshani ya juu sogeeni karibu na kimia kinachowatenga na wanaume, kwa maana jambo hili liliwapata watu wa mtaa wetu, hapa hapa Sefrou, na Bwana aliye mwenye wivu kwa ajili ya utakatifu wake hakuliacha litupate bure.

Lilianza kwa mshono tu. Ijumaa jioni Yahya, mtengeneza mishumaa, alivaa shati lake jeupe la Sabato, na mkewe Freha akaona uzi wa dhahabu kwenye kola, mishono mifupi iliyopangwa sawasawa kama meno ya mtoto.

"Nani amekutarizia hii?"

"Si wewe?" Yahya akacheka. "Sindano za nyumba hii zote ni zako. Au siku hizi unashona huku umelala?"

Freha hakucheka. Aliutambua uzi ule. Lakini taa za Sabato zilikuwa zimekwisha kuwashwa, na kukata uzi kulikuwa haramu, hivyo mumewe akaenda kusali akiwa amevaa kazi ya mkono usiojulikana.

Sasa sikieni ulikotoka. Yahya alikuwa na mke kabla yake, Hnina, aliyefariki kwa uzazi pamoja na mwanawe. Wazazi wa marehemu walilitoa vazi lake la arusi, la mahameli ya kijani, likashonwa upya kuwa joho la kuvika gombo la Torati, na kifuani pa joho likatariziwa jina lake kwa uzi wa dhahabu. Kila Sabato gombo lilipopitishwa katikati ya wanaume, wote waliligusa kwa mkono na kuibusu mikono yao. Yahya aliinama, akalaza uso wake mzima juu ya mahameli, akafumba macho. Na kila Sabato, nyuma ya kimia cha roshani, Freha alimtazama.

"Ukinyoosha shingo hivyo utamwangukia Rabi," Ito, jirani yake, alimnong'oneza siku moja. "Na mzee wa watu hana nguvu za kukudaka."

"Mwangalie. Mimi hajanibusu hivyo hata siku moja."

"Shoga, unakionea wivu kitambaa?"

"Si kitambaa. Yumo mle ndani."

Uso wake ulikunjamana kama uso wa Kaini alipouona moshi wa sadaka ya ndugu yake unapanda. Hapo, wapendwa, ndipo mlango ulipofunguliwa. Yaliyofuata yalikuwa kuingia tu.

Pindo la joho lilichakaa, na kabla ya sikukuu ya Furaha ya Torati wazee walimpelekea Freha alitengeneze, kwa kuwa hapakuwa na mkono mwepesi kuliko wake. Alilitengeneza pindo kwa uaminifu. Kisha akachukua mkasi mdogo, akalifumua jina la Hnina herufi kwa herufi, na mahali pake akatarizi komamanga. Alijua sheria yetu: hata nyuzi zilizochakaa za vazi la Torati huhifadhiwa, na mwisho huzikwa makaburini kwa heshima kama mtu. Yeye alizitupa katika karo la jikoni, akazisukumia chini kwa maji ya moto ya dengu, wala hakusema "kwa ruhusa yenu," neno ambalo mama zetu huwaambia wale pepo wakaao chini wapate kuwaondoa watoto wao.

"Jina liko wapi?" Yahya alimuuliza baada ya sala ya sikukuu.

"Lilikuwa limeoza. Ulitaka nifanyeje?"

Sabato iliyofuata Yahya alilibusu komamanga, tena kwa muda mrefu kuliko alivyokuwa akilibusu jina.

Baada ya hapo ndipo ulipoonekana mshono wa kola. Kisha ikaja sauti kutoka karoni, mchana kweupe, Freha akimenya vitunguu: sindano ikitoboa mahameli, na uzi ukivutwa taratibu. Ikafuata harufu ya maji ya maua ya machungwa iliyochanganyika na ya kitambaa kilicholala majini. Freha alikuwa na mimba kubwa. Alikimbilia chumbani kujifariji kwa kasha la nguo za mtoto alizozishona mwenyewe, akainua kifuniko, akatoa shati la kwanza akaona kwamba tundu la shingo limeshonwa likazibwa kwa uzi wa dhahabu, akatoa la pili na mikono yake miwili imezibwa, akatoa la tatu na la nne huku harufu ile ikipanda kutoka ndani ya kasha kama pumzi ya mtu aliyejikunyata humo, mpaka akafika chini kabisa, kwenye kofia ndogo ya tohara, nayo ilikuwa imeshonwa mdomo wote kama kifuko cha maiti, na nyuma yake, kutoka jikoni, sauti ya mwanamke ikasema kwa upole:

"Asante kwa dhahabu, mke mwenzangu. Mahari umenilipia mwenyewe. Mume nimekwisha kumtia alama. Sasa namshonea mtoto."

Na mtoto tumboni akaacha kucheza.

Freha alimkimbilia Rabi Amram bila kufunga hata kilemba.

"Rabi, Hnina amerudi. Anamtaka mwanangu."

"Hnina amepumzika kwa Bwana. Usimsingizie marehemu," mzee alisema. "Huyo ni mwingine, wa wale wakaao chini. Ulimpa nini?"

Akamweleza yote, kwa sauti ndogo.

"Niandikie hirizi, Rabi."

"Nitaandika. Lakini, binti yangu, uliyemkaribisha kwa mkono wako hatatolewa na karatasi. Lirudishe jina."

"Mbele ya watu?"

"Uliona haya ulipolifumua?" Kisha sauti yake ikalainika. "Nitakaa karibu nawe."

Akaenda naye jikoni. Akamwaga chumvi, akapuliza pembe la kondoo juu ya karo, na kwa Jina lililo juu ya kila jina akamwamuru yule wa chini aachie kisicho chake. Freha akapiga magoti, akatia mkono katika lile giza la maji. Vidole baridi vikamwekea uzi kiganjani, mmoja, halafu mwingine, bila haraka, kama mtu anayelipa deni kwa kinyongo; na ulipofika wa mwisho havikuachia, wakavutana kama wanawake wawili wanaogombea kitambaa sokoni, mpaka uzi ukakatika na kipande kikabaki chini.

Nyuzi zile zilizikwa makaburini, miguuni pa Hnina. Freha alifumua dhahabu ya vazi lake mwenyewe la arusi, na mbele ya watu wote, joho likiwa magotini pake, akalitarizi upya jina.

"Nililitoa mimi," alisema. "Kwa wivu."

Yahya alimsogelea. "Siku aliyokufa nilikuwa mjini Fes nikinunua nta," alisema. "Sikumuaga. Kila Sabato humwomba radhi, Freha. Basi."

Freha alipofunga fundo la mwisho, mtoto tumboni alimpiga teke.

Alizaliwa binti mzima, mwenye sauti kali. Lakini shingoni mwake mna mstari mwembamba wa rangi ya dhahabu, urefu wa kipande kile kilichobaki chini. Siku mama yake anapomwangalia mwenzake kwa jicho baya, mstari huwa mwekundu, na mtoto hukohoa kama anayekabwa na uzi. Kwa hiyo Freha amejifunza kuyashusha macho yake, na kumwombea heri kila anayemzidi, hata pale moyo unapokataa.

Wewe je, uliyepanda roshani leo ukihesabu nani amependwa kuliko wewe? Wewe uliye chini, unayempimia ndugu yako baraka zake? Mtoto wako hana mstari shingoni wa kukuonya. Usingoje auote. Shuka, mwendee uliyemwonea wivu, litamke jina lake kwa heri kabla taa za Sabato hazijawashwa, na wivu huo uuache leo.