Ndege wa Swichi ya Chini

"Nani amemgusa huyu ndege?"

Mkoba ulikuwa bado begani. Mama Chiriku alikuwa ametoka kumsalimia mama yake, na kabla hata hajanywa maji alikwenda kupiga magoti kwenye chumba cha mtoto, mbele ya swichi ya taa.

"Mimi," mumewe akajibu kutoka sebuleni, kwa sauti ya mtu anayesubiri kusifiwa. "Umeona alivyotakata?"

"Umempiga msasa."

"Msasa laini tu, halafu nikampaka vanishi. Alishaanza kuwa mweusi."

Mkewe hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alipitisha kidole kwenye bawa la yule ndege, akakitazama kile kidole, kisha akaingia chumbani kwao. Mumewe akasikia zipu ya begi ikifunguliwa.

Hawa wawili walijulikana kwa kazi moja. Mume alichonga vifuniko vya mbao vya swichi na soketi, vyenye maua, majani na mwezi mchanga, kwa watu waliochoka kutazama plastiki nyeupe ukutani. Mke alivipaka vanishi na kuvitafutia wateja kwa simu. Binti yao alikuwa na mdomo usiopumzika, majirani wakamwita Chiriku, na wazazi nao wakabeba jina hilo hilo. Alipoanza kulalamika kwamba taa ya chumba chake inazimwa na watu warefu tu, baba alimwita fundi umeme aishushe swichi mpaka mkono wa mtoto uifikie kwa kujinyoosha. Kisha akachonga ndege chiriku, swichi ikakaa kifuani pake. Tangu siku hiyo taa ikawa na mwenyewe. Kila alipoizima, alitangazia nyumba nzima: "Ndege amelala!" Ole wake aliyekuwa bado anaongea.

Halafu ikaja homa, ikamchukua kabla hawajaelewa kwamba inaweza kuchukua mtu.

"Mke wangu, unakwenda wapi?" mume aliuliza alipoliona begi.

"Kwa mama."

"Kwa sababu ya vanishi?"

Mkewe akaweka begi chini. "Mimi ndiye ninayepaka vanishi kwenye nyumba hii. Mng'ao wa vanishi naujua, na mng'ao wa kidole naujua. Lile bawa lilikuwa limeng'aa kwa vidole vyake. Huo weusi unaosema ulikuwa wa mikono yake. Kila asubuhi nilikuwa naweka kidole changu pale kabla sijaongea na mtu. Hukuwa unajua?"

"Hukuniambia."

"Ningekuambia saa ngapi? Tangu tumzike hujamtaja. Hata mimi huniiti tena Mama Chiriku. Siku hizi ni mke wangu, mke wangu."

Hapo ndipo mume angenyamaza. Lakini ulimi hauna mfupa, akasema: "Ni mbao tu. Nitakuchongea mwingine leo hii."

Mkewe alimtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza, akainua begi na kuondoka.

Siku zilizofuata mume aliandika ujumbe juu ya ujumbe. Ulisomwa, haukujibiwa. Akipiga simu, anapokea mama mkwe. Yule mama hakuwa mkali. Alimwambia amwache binti apumue, kwamba hasira si ya mbao. Mume akabaki karakanani akiharibu kazi za watu. Patasi ilimteleza, maua yakatoka bila petali. Moyoni alikuwa na uchungu wake pia. Kwani mwenziwe alizaa peke yake?

Dada yake alikuja na ndoo ya rangi na maneno mengi. Yaliyopita si ndwele, alisema. Kipake rangi kile chumba, kiwe cha kushonea au cha wageni, mwanamke akirudi akute nyumba mpya. Yule dada alipenda kutengeneza mambo ya watu kuliko ya kwake, lakini mfa maji haachi kutapatapa, na kaka yake akaipokea ile ndoo.

Jioni simu ikalia. Ujumbe mmoja tu:

"Kesho kaka anakuja na gari kuchukua vitu vyangu. Tafadhali usibishane naye."

Akausoma mpaka skrini ikazimika. Kumbe ilikuwa imefika huko. Akajiambia kwamba asubuhi atapaka rangi mapema, shemeji akifika aione kazi, akamwambie dada yake kwamba nyumba imebadilika. Ndiyo akili iliyokuwa imembakia.

Kulipokucha akafungua ndoo, akakoroga, akakaa sakafuni ili abandike karatasi ya gundi kuzunguka kifuniko, rangi isiguse mbao. Mchonga mbao huona mbao. Ukuta kwake ni mahali pa kukaza skrubu, basi. Lakini hakuwahi kukaa pale chini, uso wake ukiwa sawa na yule ndege, na jua la asubuhi lilikuwa likiingia kwa ubavu.

Chini ya ndege, ukutani, kulikuwa na vidole.

Vilikuwa vimeteleza. Michirizi myembamba ya mafuta na vumbi, ya mtoto aliyekuja mbio, akairukia swichi, akaikosa. Mingine ilianzia chini sana, ya siku alizosimama kwa ncha za miguu. Mingine ilianzia juu kidogo. Alikuwa anarefuka. Alikuwa anarefuka, na baba yake hakuona.

Karatasi ya gundi ikamtoka mkononi. Alilia kilio ambacho hakukilia makaburini, kile cha kukosa pumzi. Shemeji alipofika alipiga honi, akabisha hodi, mwisho akaingia mwenyewe. Alimkuta mtu mzima amekaa chini akikumbatia magoti yake. Yule shemeji alikuja na maneno makali aliyoyapanga njiani. Yote yakamwishia mlangoni, akarudi kwenye gari kusubiri.

Mume akaandika: "Ukutani vidole vyake vipo. Sijavigusa. Naogopa hata kupumua."

Simu ikaita papo hapo.

"Rangi umefungua?" mkewe aliuliza.

"Nimefungua."

"Ifunike. Mwambie kaka anifuate."

Mkewe alipofika hakusalimia. Alipiga magoti kando ya mumewe, akaangalia mchirizi mmoja baada ya mwingine.

"Nilimpiga msasa kwa sababu nilishindwa kumpita," mume akasema. "Kila nikipita hapa naisikia ile sauti. Nikadhani nikimsafisha nitapata usingizi."

"Umepata?"

"Sijapata." Akafuta uso kwa kiganja. "Nisamehe, Mama Chiriku."

Mkewe akafumba macho. Jina lile lilimuuma, na lilikuwa ndilo alilokuwa akilisubiri. Akaegemeza kichwa begani kwa mumewe, wakalia pamoja kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Baadaye shemeji alichungulia, akauliza kwa upole aanze kupakia kitu gani.

"Usipakie," dada yake akamjibu. "Lile begi langu lililoko kwenye gari, lishushe."

Walishinda nyumbani siku hiyo, maneno machache. Bawa la ndege liliendelea kung'aa kwa vanishi, na hilo hakuna fundi wa kulirekebisha. Ndoo ya rangi ilirudi kwa mwenyewe, ambaye alinuna kidogo.

Giza lilipoingia mkewe aliwasha taa ya kile chumba, wakakaa tena pale chini.

"Mzime wewe," akasema.

Mume akabonyeza kifua cha ndege. Chumba kikawa giza. Alijua kinachofuata, na mkewe hakumsaidia, akangoja tu.

"Ndege amelala," baba akasema.

Mkewe akautafuta mkono wake gizani, akaushika.